Uchungu wa Mwenzako Si Sadaka Yako



Jioni moja, kabla ya kupasuliwa nyonga, binti mmoja mwenye ugonjwa wa SS aliwauliza waliozunguka kitanda chake: «Kesho watanilaza kwa usingizi wa namna gani? Na nitakapoamka nitapewa nini kwa maumivu?» Tulikuwa watu watano kutoka parokiani, tumekwenda kumwombea. Mmoja wetu akamjibu upesi: «Dada, hayo umwachie daktari na Mungu. Wewe beba msalaba wako.» Wengine tukaitikia: Amina. Binti akanyamaza. Nami niliitikia pamoja nao, na ndiyo sababu ninaandika.

Ile Amina ilikuwa kosa. Ilimnyang'anya mgonjwa neno alilokuwa na haki ya kulisema, tena ilimsingizia Kristu fundisho ambalo hakulitoa.

Katika Kongo yetu, ni familia gani isiyoujua ugonjwa huu, ambao vitabu vya Kiswahili huuita selimundu? Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujikunja mfano wa mundu, hasa zinapokosa oksijeni, mwili unapokauka maji au unaposhikwa na baridi. Zikijikunja huziba mishipa midogo, na kiungo kisichofikiwa na damu huuma vikali. Kichwa cha mfupa wa paja huweza kufa polepole. Vijiwe huota katika kifuko cha nyongo. Kwa hiyo wengi wenye SS hufikishwa katika chumba cha upasuaji wangali vijana, nao huingia humo wakiwa wamekwisha kuishi na maumivu kwa miaka mingi. Anayemwambia mtu wa namna hiyo avumilie anamfundisha samaki kuogelea.

Swali la binti yule lilikuwa swali la busara, kwa maana namna za usingizi si moja. Kuna usingizi kamili, ambao mgonjwa hajitambui tena, na mtaalamu ndiye anayeilinda pumzi yake. Kuna sindano ya uti wa mgongo, inayotia ganzi sehemu ya chini ya mwili, mgonjwa akibaki macho. Utulivu wake huendelea kwa saa kadhaa, lakini inaweza kushusha msukumo wa damu. Kuna ganzi ya mshipa wa fahamu wa mkono au mguu mmoja tu. Tena kuna ketamini, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1962. Dawa hii hulaza na kutuliza maumivu kwa pamoja, na kwa kawaida haizimi pumzi. Kwa hiyo imeenea mahali ambapo mashine ni chache. Hata hivyo wako wanaoamka kutoka usingizi wake wakisumbuliwa na ndoto za kutisha.

Hakuna njia moja iliyo bora kwa kila mwenye SS. Uamuzi hutegemea kiungo kinachopasuliwa, hali ya mapafu na ya damu, na dawa ambazo mgonjwa amezizoea. Lakini kwa njia yoyote itakayochaguliwa, mambo manne hayasahauliki: oksijeni ya kutosha, maji ya kutosha mwilini, joto, na maumivu yaliyotulizwa. Mara nyingi huhitajika pia kumwongezea damu kabla ya kisu. Mambo hayo mtaalamu huyapanga kwa sehemu kubwa kutokana na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Tukimziba mgonjwa mdomo, tunamziba mtaalamu macho.

Ndivyo ilivyotukia. Binti yule alikuwa amekunywa tramadoli kila siku kwa miezi mingi. Asubuhi, mwuguzi wa usingizi alipomwuliza anatumia dawa gani, alijibu: «Hakuna.» Tulikuwa tumekwisha kumfundisha kwamba kuuliza na kusema juu ya maumivu ni upungufu wa imani. Mwili uliozoea dawa za jamii hiyo hautulizwi na kipimo cha kawaida. Usiku baada ya upasuaji alilia hadi alfajiri, akipumua nusunusu kwa hofu ya maumivu. Kulipokucha, mama yake alimweleza mwuguzi ukweli wote. Kipimo kikarekebishwa, na binti akaweza kuvuta pumzi ndefu. Pumzi hiyo si jambo dogo. Mwenye SS asiyepumua vizuri baada ya upasuaji yuko katika hatari ya kushikwa na ugonjwa mkali wa mapafu, nao huua. Maumivu tuliyoyaita msalaba yalikuwa karibu kumfungulia kaburi.

Najua watakaonipinga, nami nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza atasema: «Hawa wanaodai dawa kali wamekuwa watumwa wa dawa.» Sikatai kwamba tramadoli inawaharibu vijana wengi mitaani, na mwuguzi mwenye tahadhari anatimiza kazi yake. Lakini kuzoea kwa mwili ni jambo moja, na utumwa wa dawa ni jambo lingine. Mgonjwa anayehitaji kipimo kikubwa zaidi kwa sababu ametibiwa kwa muda mrefu hajatenda dhambi. Tena kumkatiza dawa hiyo kwa ghafula siku ya upasuaji ni kumwongezea taabu juu ya taabu. Dawa ya adha hii ni ukweli ulionenwa mapema. Wazee walisema: mficha uchi hazai.

Wa pili atasema: «Hospitali zetu ni maskini. Unazungumza habari ya kuchagua, wapi kuna cha kuchagua?» Ni kweli, mahali pengi pana njia moja au mbili tu, na mwenye kulaza ni mwuguzi, si daktari bingwa. Lakini blanketi halihitaji mashine. Kutomwacha mgonjwa akae na kiu siku nzima kwa sababu zamu yake imecheleweshwa, bali kumtundikia maji kwa mshipa, hakuhitaji bingwa kutoka ng'ambo. Ketamini na morfini zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hazihesabiwi miongoni mwa anasa za matajiri. Umaskini hupunguza njia, wala hauondoi wajibu wa kumsikiliza mgonjwa.

Wa tatu ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa kuwa anasema kwa sauti ya sala. Atasema: «Bwana wetu alipopewa divai yenye manemane kabla ya kusulubiwa aliikataa (Mk 15, 23). Wewe ni nani hata utafute kutulizwa?» Ndugu, soma vizuri. Yesu aliikataa kwa ajili yake mwenyewe. Wapi katika Injili alimkatalia mwingine nafuu? Wenye homa aliwashika mkono, wenye ukoma aliwagusa, na Msamaria aliyemsifu aliyamiminia majeraha mafuta na divai. Hakusimama kando ya njia akimhubiria majeruhi thamani ya mateso.

Swali hili Kanisa limekwisha kulijibu. Tarehe 24 Februari 1957, Papa Pius XII aliwajibu madaktari wa usingizi waliotaka kujua kama Mkristu, kwa jumla, anawajibika kukataa dawa ya kutuliza na kuyapokea maumivu kwa roho ya imani. Alijibu kwamba hakuna wajibu wa jumla wa namna hiyo, na kwamba maumivu yenyewe yanaweza kumzuia mtu asiyafikie mema yaliyo makubwa zaidi. Naye Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1984 juu ya maana ya mateso ya mwanadamu, aliifikisha tafakari yake kwa Msamaria mwema: mateso ya mwenzetu yanatuita tutende.

Basi mtu anaweza kumtolea Mungu maumivu yake mwenyewe, kwa hiari, naye abarikiwe. Lakini hakuna awezaye kutoa maumivu ya mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: sisi tusioubeba tunauona mwepesi, kisha tunauweka altareni kana kwamba ni wetu. Hiyo ni sadaka ya wizi.

Vijana wa parokia, mnapokwenda kumtembelea mgonjwa anayengojea kupasuliwa, nendeni na sala. Nendeni pia na karatasi na kalamu. Mwandikieni, kwa maneno yake mwenyewe: ugonjwa wake, dawa zote anazotumia pamoja na vipimo vyake, hata zile za mitishamba, usingizi aliowahi kupewa na jinsi alivyoamka, dawa iliyomdhuru, na ile iliyomtuliza. Mwandikieni na maswali yake kwa mwuguzi wa usingizi: nitalazwa kwa njia gani, na kwa nini hiyo? Nitakingwaje na baridi na ukavu? Maumivu yatatulizwaje usiku wa kwanza? Mleteeni blanketi. Na ninyi mlio wazima, toeni damu kabla haijaombwa kwa machozi mlangoni.

Kule Yeriko, Bwana alimwuliza kipofu anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake ulionekana na watu wote. Umati ndio uliomkemea anyamaze. Jioni ile, kando ya kitanda, sisi watano tulikuwa umati.