Ngano zetu zastahili picha zetu

Katika madarasa mengi ya mtaa wa Lucky Summer, hapa Nairobi, mwanafunzi akiagizwa achore picha ya hadithi, humchora binti mfalme mwenye nywele za rangi ya dhahabu, nyuma yake kasri na theluji. Nikiwa mwalimu mtaani humu, sioni ajabu. Hizo ndizo picha alizozizoea vitabuni. Linalonikera ni kwamba sisi walimu humtunuku alama nzuri kwa kunakili vyema kazi ya mtu mwingine.

Sina ugomvi na hekaya za Ulaya. Zile za ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, zilianza kuchapishwa mwaka wa 1812, na picha alizozichorea Mwingereza Arthur Rackham kwa rangi ya maji zingali zinapendwa. Lakini hebu tutazame wachoraji hao walifanyaje kazi. Beatrix Potter, ambaye kitabu chake cha Peter Rabbit kilitolewa kwa picha za rangi mwaka wa 1902, alifuga sungura nyumbani. Alimtazama na kumchora mara nyingi kabla ya kumvika koti.

Je, mtoto wa Lucky Summer amekosa cha kutazama? Kila siku hukutana na punda akikokota mkokoteni wa mitungi ya maji. Na Kisa cha Punda wa Dobi, aliyehadaiwa na sungura hata akauawa na simba, kimo katika mkusanyiko wa ngano za Unguja alioutoa Edward Steere mjini London mwaka wa 1870. Atakayemchora punda huyo kwa kumtazama yule wa barabarani, kwato zake na shingo iliyochubuliwa na mzigo, atakuwa ameifahamu hadithi kuliko aliyeikariri.

Wako watakaosema vifaa ni ghali. Ni kweli, karatasi nyepesi ya daftari hujikunja ikilowa. Hata hivyo, karatasi moja nzito yaweza kukatwa mara nne, na kibweta kimoja cha rangi kikatumiwa na kundi zima. Isitoshe, rangi ya maji ni mwalimu: weupe hutokana na karatasi yenyewe, rangi hafifu hutangulia na nzito hufuata, na kosa halifichiki kwa urahisi. Mchoraji hulazimika kufikiri kabla ya kugusa brashi.

Zamani tulijitetea kwamba KCPE haikutahini sanaa. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na mtaala wa umilisi unaitambua sanaa. Udhuru umekwisha.

Walimu wenzangu, tuwasimulie wanafunzi ngano kwanza, vitabu vikiwa vimefungwa, kisha tuwaache wachore. Alama tumpe aliyetazama, si aliyenakili. Nanyi wanafunzi, waulizeni nyanya zenu hadithi ambazo hazijapata kuchorwa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.