Tumbo linalouma kila siku si maneno ya bure



Katika kutembelea wagonjwa hapa Kalemie, jambo moja linarudi kila mara. Mama anateswa na tumbo mwaka mzima. Alifika kwa mganga, akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa: "Mama, ni mawazo tu, enda upumzike." Nyumbani nako wanasema: "Ule hana mgonjwa, ni uvivu." Basi ananyamaza. Je, kunyamaza huko njo uvumilivu wa Kikristo? Hapana.

Someni Marko 5. Mama yule alitokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Yesu hakumwambia ni mawazo. Alisimama katikati ya watu wengi, akamwacha aseme kweli yote.

Hata waganga wenye elimu kubwa walikosea. Zamani walifundisha kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na chakula kikali. Halafu kule Perth, Australia, mwaka 1982, waganga Robin Warren na Barry Marshall walipata kijidudu kinachokaa tumboni. Wenzao wengi hawakusadiki. Mwaka 1984 Marshall mwenyewe alikinywa kijidudu kile, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa zawadi ya Nobel. Leo kidonda cha namna hiyo kinaponyeshwa na dawa za kuua kijidudu pamoja na dawa ya kupunguza asidi.

Sisi wa pwani ya Ziwa Tanganyika tuko na sababu nyingine tena: bilharzia. Tunafua ziwani, watoto wanaogelea. Vidudu vinavyotoka katika konokono vinapenya ngozi. Minyoo yake inakaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yake yanaumiza matumbo na maini. Kipimo kimoja cha choo kinaweza kukosa mayai hayo. Kwa hiyo kuomba kipimo cha pili si kiburi.

Basi tufanye namna gani?

Kwanza, andika kwenye karatasi: maumivu yalianza lini, yanashika wapi, ni mbele ya kula ao nyuma, choo kiko namna gani, umekonda ao hapana.

Pili, usifiche dawa. Taja za soko na za miti. Baba wa mgodi anayemeza aspirini, ibuprofeni ao diclofenac kila siku sababu ya mgongo, aseme vilevile, maana zinaweza kutoboa tumbo.

Tatu, uliza kwa heshima: "Docta, samahani, unafikiri ni ugonjwa gani? Kipimo gani kitatuonyesha? Nisipopona, nirudi siku gani?" Mganga naye anachoka, wagonjwa ni wengi. Maulizo mafupi yanamsaidia.

Nne, choo kikiwa cheusi kama lami, ao ukitapika damu, usingoje kesho. Ukikonda bila sababu, usingoje mwezi mwingine.

Ninyi vijana na mashemasi, msiishie kuombea mgonjwa mlangoni. Mtu mmoja amsindikize, amsaidie kusema anaposhindwa. Kanisa litafute makuta ya kipimo. Maombi na labo havipigani: Luka, aliyetembea na Paulo, alikuwa mganga.

Bwana awape afya.