Mtoto Hataliki Mzazi
Ndoa ikivunjika, wakubwa hupigana kupitia kwa mtoto: mama anamficha ili baba aumie, baba anakata matumizi ili mama apige magoti. Katikati yupo mwanafunzi wa darasa la pili aliyevaa viatu tangu asubuhi ya Jumamosi akisubiri kuchukuliwa, na simu ya baba haipatikani. Yupo pia mwingine ambaye baba amemfuata shuleni, lakini mlinzi kaambiwa asimfungulie baba huyo geti. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inatanguliza ustawi wa mtoto na kuchukulia kwamba aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa mahakamani. Kifungu cha 129 kinambebesha baba matunzo hata kama haishi na watoto. Visome pamoja uone: mama mlezi, baba mlipaji. Kwa mtoto anayenyonya naelewa, lakini wa miaka sita anamhitaji baba wa kumkagulia madaftari, si mgeni wa sikukuu. Kenya iliandika katika Katiba ya 2010, ibara ya 53, kwamba wazazi wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Nasi mahakama zetu zianzie kwenye malezi ya pamoja, isipokuwa pale penye kipigo au vitisho. Hapo usalama kwanza, bila mjadala. Waheshimiwa wabunge, Sheria hii ya Ndoa imepita miaka 50. Irekebisheni.