Ufunguzi usitufungie mlango

Barua ya wazi kwa Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi

Mheshimiwa Gavana,

Jambo ninaloandikia ni dogo: viti. Tamasha la fasihi la jiji hili, NBO Litfest, hufanyika katika maktaba zetu za umma, yaani McMillan, Kaloleni na ile ya Eastlands kule Makadara. Hilo ni la kushukuriwa, maana matamasha mengi ya vitabu hukimbilia hotelini, na msomaji wa kawaida huyapata gazetini yakiwa yamekwisha. Ombi langu linahusu siku ya ufunguzi tu, na hasa wale watu ambao siku hiyo wangekuwa wameketi maktabani hata kama tamasha lisingekuwapo.

Acha nikupe kisa. Miaka kadhaa iliyopita, katika mji ambao sitautaja, nilifika maktabani asubuhi kama ilivyo desturi yangu, nikaweka daftari mezani. Sijafungua hata ukurasa wa pili, mlinzi akapita akigonga meza kwa rungu: leo kuna wageni, kila mtu achukue mzigo wake. Tulikuwa watu kama ishirini. Walikuwapo vijana waliokuwa wakibukua kwa ajili ya mtihani wa uhasibu, msichana mwenye sare ya shule, na mzee mmoja ambaye hakukosa siku, asomaye magazeti kuanzia matangazo ya vifo kwenda mbele. Tulijipanga ng'ambo ya barabara tukatazama hema likisimamishwa na viti vya plastiki vikivishwa vitambaa vyeupe, kila kimoja na utepe mgongoni kama bibi harusi. Mgeni wa heshima aliwasili karibu saa sita. Mfawidhi akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuizingatia upya, jina baada ya jina, cheo baada ya cheo. Hotuba zilipofika hatimaye, zote zililia jambo moja: Wakenya hawasomi. Mzee wa magazeti akauliza, bila kumwelekea mtu, sisi tuliosimama pale tunahesabiwa wapi.

Kisa kama hicho kikitokea McMillan kitauma zaidi, na unaijua sababu. Jengo lile la Banda Street, jirani ya Msikiti wa Jamia, lilijengwa kwa juhudi za Lady Lucie McMillan ili kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemkaribisha Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, shambani kwake Juja mwaka 1909 Roosevelt alipokuja kuwinda. Bwana huyo alifariki mwaka 1925 na amezikwa mlimani Ol Donyo Sabuk. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1931, na tangu 1938 ina sheria yake yenyewe, heshima ambayo majengo mengine ya nchi hii hayana. Pale mlangoni, mbele ya nguzo, ziliwekwa sanamu za simba wawili, nao walilinda kwelikweli: hadi mwaka 1958 ilikuwa maktaba ya Wazungu peke yao. Karani Mwafrika wa Nairobi aliweza kupita mbele ya zile nguzo kila siku ya kazi, miaka nenda miaka rudi, asijue rafu za ndani zimeelekea wapi. Baraza la Jiji lilikabidhiwa maktaba hiyo mwaka 1962. Mheshimiwa, mlango wenye historia hiyo si mahali pa kumwambia mwananchi mwenye daftari mkononi kwamba leo kuna wageni.

Tena maktaba ni mzigo wako kikatiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziweka chini ya kaunti, katika kifungu kimoja na kamari, leseni za pombe na sinema. Silalamikii majirani hao. Nasema tu kwamba sijawahi kuona wanywaji wakitolewa baa ili baa izinduliwe.

Sasa naomba hivi. Ukumbi wa kusomea usifungwe siku hiyo, hata kwa saa moja. Ngazi za McMillan ni jukwaa tayari, tena la bure: wasemaji wakae juu kati ya nguzo, wasikilizaji wajae chini, na anayejiandaa kwa mtihani apite pembeni akaendelee na kazi yake. Najua maafisa wako watataja usalama. Wageni na wakaguliwe mikoba mlangoni kama sisi tunavyokaguliwa. Watataja pia kelele, na hapo wana haki, ila dawa ya kelele ni hotuba fupi. Hotuba mbili zinatosha, ya kwako ikiwa mojawapo.

Na kabla ya hotuba yako, mpe kipaza sauti mtu mmoja mwenye kadi ya maktaba. Asiandikiwe la kusema. Aseme tu kitabu alichoazima mwisho na kama alikimaliza. Wakutubi nao waketi mbele. Nimehudhuria shughuli za namna hii ambapo mkutubi, anayejua kila kitabu kilipo na kila msomaji anapopenda kukaa, alikuwa nyuma akigawa maji ya chupa.

Kuna pia wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu vya mitumba chini kando ya njia, nawe huna budi kuinama ili uchague. Wengi wetu tulisomea hapo kabla ya kuwa na kadi yoyote. Desturi ya jiji letu ni kwamba kiongozi akitarajiwa mahali, kanjo, yaani askari wa jiji, hutangulia kusafisha. Siku hiyo waambie kanjo wapumzike. Afadhali wauzaji hao waitwe, watandaze bidhaa zao karibu na wale simba, mgeni kutoka ng'ambo aone Nairobi inanunuaje vitabu vyake.

Kuhusu lugha sitasema mengi. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na hotuba yako ikianza kwa Kiswahili isiwe ni ile salamu ya "hamjambo" inayofuatwa na kurasa kumi za Kiingereza.

Mwaka mmoja, ikiwezekana, ufunguzi uhamie Kaloleni. Mtaa ule wa miaka ya 1940 una ukumbi wa jamii ambao wanasiasa wa kupigania uhuru waliutumia hata ukawa kama bunge la Waafrika, na maktaba yake watoto wa mtaa huifikia kwa miguu. Msafara wako ukienda huko utapita Landhies Road, alikogongwa na gari mwezi Aprili 2020 Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema. Kizazi kizima cha wanafunzi wa nchi hii kilisoma riwaya hiyo, wengi wakiwa na nakala moja kwa dawati zima. Ningependa jina lake litajwe siku hiyo, na litajwe na mtoto wa Kaloleni aliyekisoma kitabu chenyewe.

Mimi nitafika mapema, mkoba mkononi, kama siku nyingine zote. Nikikuta kiti changu cha dirishani kimekaliwa na msomaji mwingine, nitatafuta nafasi kwingine bila kinyongo.

Wako mtiifu,
Msomaji wa maktaba
Nairobi