Si Kofia, Ni Sheria ya Uwanja

Wengi miongoni mwa wananchi wa visiwa hivi wamemjua kauboi kwa njia ya sinema: mtu wa kofia pana na bastola kiunoni, asiyemtii mtu wala sheria. Huko Marekani picha hiyo imezaa mchezo kamili wa shabaha. Wachezaji huvaa mavazi ya mwisho wa karne ya 19, kila mmoja hujipa jina la kubuni, na hupiga vibao vya chuma kwa bastola mbili, bunduki ya risasi na bunduki ya marisau, zote za mtindo wa zama hizo. Chama chao kikuu, Single Action Shooting Society, kiliundwa mwaka 1987. Wako watakaosema kwamba huu ni upuuzi wa watu walioshiba. Lakini haki yataka jambo litazamwe kabla ya kuhukumiwa, na sisi tunaona kwamba uwanja wa mchezo huu una somo ambalo sinema ililificha.

Tuuchukue uwanja wa Ben Avery, kaskazini ya Phoenix katika jimbo la Arizona, ambapo hufanyika mashindano ya Winter Range. Mchezaji hufika akiwa na silaha tupu. Bastola na bunduki ya risasi huzijaza mezani, mbele ya mwangalizi. Na ijapokuwa bastola ina matundu sita, hutia risasi tano, ili nyundo ilalie tundu lililo tupu. Akisha kupiga huenda kwenye meza nyengine, na huko silaha hukaguliwa moja moja. Anayekosa shabaha huongezewa sekunde 5, na anayekosea utaratibu sekunde 10. Lakini anayeangusha silaha yenye risasi hutolewa mashindanoni siku ile ile, awe bingwa, awe mwanafunzi. Hapo kofia haimsaidii mtu, wala jina la kujipa halimsitiri.

Wala utaratibu huu si mgeni katika nchi hiyo ya makauboi. Katika Arizona hiyo hiyo, mji wa Tombstone ulipiga marufuku kuchukua silaha mjini mwaka 1881. Mapigano ya tarehe 26 Oktoba mwaka huo, ambayo sinema imeyatukuza mara nyingi, yalizuka pale mkuu wa polisi wa mji, Virgil Earp, na wenzake walipokwenda kuwanyang'anya silaha watu walioshutumiwa kuivunja amri hiyo. Watu watatu waliuawa. Na kauboi mwenyewe hakuwa bwana wa nchi, bali kibarua wa kuswaga ng'ombe wa tajiri. Wengi walikuwa weusi na Wameksiko. Mwaka 1883 makauboi wa kaskazini ya Texas waligoma wakidai dola 50 kwa mwezi, na mgomo wao ukavunjwa. Sinema ilimwacha kibarua, ikaiacha na sheria, ikachukua bastola peke yake.

Inafaa pia ikumbukwe kwamba uwanja wa namna hii hauoti kama uyoga. Ben Avery unasimamiwa na idara ya wanyamapori ya jimbo, nao umepewa jina la mwandishi wa gazeti aliyeupigania. Sheria ya Marekani ya mwaka 1937, pamoja na marekebisho yake, hutoza kodi ya asilimia 10 kwa bastola na asilimia 11 kwa bunduki na risasi, na fedha hizo huhifadhi wanyamapori na kusaidia kujenga viwanja vya shabaha. Mwenye kuupenda mchezo huchangia gharama zake.

Hata hivyo, hatuwezi kulifumbia macho lililo nje ya ua. Tangu mwaka 2010, mtu aliyetimiza miaka 21 katika Arizona aweza kuficha bastola nguoni bila ya kibali, isipokuwa yule aliyekatazwa na sheria kumiliki silaha. Nchini Marekani kila mwaka maelfu kwa maelfu hufa kwa risasi. Basi ajabu ni kwamba mtu aliyevaa kama kauboi kwa mchezo hubanwa na sheria kuliko jirani yake anayekwenda sokoni, na Tombstone ya mwaka 1881 ilikuwa na tahadhari kuliko jimbo zima la leo.

Sisi hatuwaiti vijana wetu kwenye mchezo huo, wala hatuna haja nao. Tunalosema ni kwamba aliyemwona kauboi katika sinema na aelezwe habari yote: kwamba palikuwa na sheria, na kwamba hata wanaomwigiza leo hawamwamini mtu mwenye silaha mpaka imekaguliwa. Na viongozi waliopewa dhamana ya michezo na usalama wajue kwamba kinachotenganisha mchezo na balaa ni uwanja wenye mipaka, msimamizi asiyeona haya, na kanuni isiyochagua uso. Mahali pasipokuwa na hayo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mara nyingi guu linalovunjika ni la mpita njia.