*TAARIFA YA TAWI: STESHENI YA TAVETA SI PLOTI*



Ardhi ya umma ikionekana imelala, hakosekani mtu wa kuja na kamba ya kupimia. Ndiyo maana tawi linataka msimamo wake kuhusu stesheni ya zamani ya Taveta ujulikane mapema.

Stesheni hii ilizaliwa vitani. Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Waingereza walipotaka kuirudisha, nyika ya kutoka Voi haikuwa na maji, na mbung'o walikuwa wakiua wanyama wa mizigo. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi kupitia Mwatate na Maktau. Mwaka 1916, baada ya mapigano ya Salaita na Latema, reli ikafika Taveta, ikavuka mpaka na kuungana na ile ya Wajerumani ya Tanga hadi Moshi.

Vitabu humtaja Jenerali Smuts. Sisi tuwakumbuke wapagazi, Waafrika waliochukuliwa, wengi kwa nguvu, kubeba risasi na chakula pale reli ilipoishia. Katika vita vile walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam.

Vita vilipokwisha, reli ya bunduki ikawa reli ya biashara na undugu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa. Mpaka ulifunguliwa tena 1983, na Jumuiya ikafufuliwa. Leo malori yanapita Holili, lakini treni haijarudi.

Tunajua wapo kati yenu wanaosema vijana hawana pa kufanyia biashara, na historia hailiwi. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini ploti ikiuzwa hutajirika mmoja, na kijana yuleyule atakuwa mpangaji wake. Na reli ikirudi, itapita wapi?

*Msimamo wa tawi:*

1. Ardhi ya stesheni na njia ya reli ibaki ya umma. Asipewe mtu hati.

2. Jengo litangazwe kuwa turathi chini ya Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, na wapagazi wawekewe kumbukumbu.

3. Vijana na akina mama wapewe vibanda vya kukodi kando ya jengo, kwa utaratibu wa wazi, bila kuziba njia ya reli.

*Ombi kwako:* kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kikiitishwa, fika na useme. Ukiona vigingi vinapigwa pale, piga picha, ulete tawini siku hiyohiyo. Na kama una mzee aliyefanya kazi relini, mrekodi sasa, angali nasi.

Mali ya umma hailindwi na kimya.

_Idara ya Habari na Uenezi, Tawi la Taveta_
Wasambazie wanachama wenzako.