Dola Bilioni Moja Ambazo Walakota Hawazitaki

Kuna watu Marekani wana zaidi ya dola bilioni moja zimelala kwenye hazina ya serikali, zimewekwa kwa ajili yao, na wamekataa kuzigusa. Si matajiri. Pine Ridge, wanakoishi wengi wao, ni kati ya sehemu maskini zaidi za nchi ile. Ukimwambia mtu habari hii barazani atakwambia hao wana wazimu. Hebu tusikizane kwanza.

Wengi wetu upande huu wa Marekani tumeujua kwa sinema. Koboi yuko juu ya farasi, "Wahindi Wekundu" wanatokea mlimani wakipiga mayowe, na wewe kwenye kochi unamshangilia koboi. (Hata jina lenyewe ni la kubandikwa, kwa sababu Columbus alidhani amefika India!) Sinema haikuonyeshi kwamba kulikuwa na mkataba, na serikali ya Marekani yenyewe iliutia sahihi.

Mwaka wa 1868, Fort Laramie. Red Cloud na wapiganaji wake walikuwa wameibana serikali mpaka ikakubali kuzihama ngome zake kwenye njia ya Bozeman. Ukaandikwa mkataba: South Dakota ya leo, upande wote wa magharibi ya mto Missouri, ni ardhi yao, pamoja na milima ya Black Hills ambayo kwao ni mitakatifu. Kifungu cha 12 kikasema hakitatolewa kipande chochote bila sahihi za robo tatu ya wanaume wazima. Shikeni hiyo robo tatu, nitairudia.

Mkataba ulikaa miaka sita tu. Mwaka wa 1874 Custer akaingia milimani na watu kama elfu moja, habari za dhahabu zikatoka, wachimbaji wakamiminika. Kwa mkataba ule, serikali ndiyo ilipaswa kuwafukuza. Mwanzo ilijaribujaribu, halafu ikaacha makusudi. Ikataka kununua kwa dola milioni 6, wazee wakakataa. Kisha ikaja amri: walio nje wote wajisalimishe kwenye vituo vya serikali kabla ya Januari 31, 1876, katikati ya baridi kali, la sivyo ni maadui. Juni mwaka huo Custer akauawa kule Little Bighorn pamoja na wanajeshi zaidi ya 200, na hapo ndipo sinema hupenda kuanzia.

Ushindi ule haukuokoa ardhi, kwa sababu silaha iliyowamaliza ni njaa. Nyati walikuwa chakula chao, nguo zao na nyumba zao, na wawindaji wa ngozi walikuwa wanawafyeka; kutoka mamilioni, kufikia mwisho wa miaka ya 1880 walibaki mamia tu porini. Watu wakawa wanategemea posho ya serikali. Agosti 1876 Bunge likasema hakuna posho tena mpaka muiachie milima. Sahihi zilizopatikana ni kama asilimia 10 ya wanaume. Kumi, si sabini na tano! Na Februari 1877 Bunge likapitisha sheria ya kuichukua hivyo hivyo.

Mimi siwezi kukubaliana na wale wanaosema "ilikuwa vita, aliyeshindwa ameshindwa." Vita gani? Mtu akimnyima mtoto wako chakula mpaka utie sahihi, hiyo si vita, na biashara pia si. Kibaya zaidi, tangu 1845 magazeti yao yalikuwa yakieneza kwamba ni Mungu aliyewapangia kulitwaa bara zima. Wakamfanya Mungu dalali wa mashamba!

Walakota walienda kortini tangu 1923. Kesi ikatupwa, ikafufuliwa, mpaka 1975 mahakama moja ya serikali kuu ikakiri kwamba pengine historia yote ya nchi ile haina mfano mchafu zaidi wa ulaghai. Mwaka wa 1980 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 8 kwa 1, kwamba walipwe: thamani ya 1877, dola milioni 17, na riba juu yake, jumla zaidi ya milioni 100.

Wakakataa, kwa sababu kuzipokea ni kukubali kwamba waliuza. Wapo vijana wa Pine Ridge wanaosema tugawane, nyumba zinavuja, na mimi niliyekaa huku na simu mkononi sina uso wa kuwalaumu. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka wa 1985 seneta Bill Bradley alipeleka mswada wa kuwarudishia ardhi ya serikali kuu pekee, bila kugusa shamba la mtu binafsi wala Mount Rushmore, ule mwamba wenye nyuso za marais wanne uliochongwa kwenye milima hiyo hiyo. Haukupita. Pesa wako tayari kuzitoa hata leo. Ardhi, hata ile ambayo hakuna mtu anaishi juu yake, hawajakubali.